Mchungaji wetu anastaafu na baraza tumeulizwa tunataka mtu wa aina gani. Mngeandika nini?

#1 MzeeWaBaraza
Bwana Yesu asifiwe wana jamvi.

Mchungaji kiongozi wetu anastaafu mwisho wa mwaka. Sisi ni usharika wa mjini wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), ibada mbili kila Jumapili, mitaa kadhaa huko pembezoni, na jengo jipya lililoishia kwenye lenta.

Mkuu wa Jimbo alipokuja kikaoni alisema jambo ambalo sijawahi kulisikia tangu niwe mzee wa kanisa. Baraza tuandike barua, tueleze hali ya usharika na mtumishi tunayemhitaji. Sio kwamba tunachagua, dayosisi ndiyo inayopanga. Ila tumeulizwa.

Kikao kikawa vurugu. Mhazini anataka mtu wa miradi amalizie jengo. Vijana wanataka mwenye moto. Akina mama wanataka mtu anayefika msibani kabla ya maturubai. Mzee mmoja akasema andikeni "mtu wa Mungu" tufunge kikao tukale. Rasimu nimeachiwa mimi. Nisaidieni.

#2 Tarumbeta
Nimekaa paleee. Huyo mzee wa "tukale" ndiye anayelijua baraza lenu vizuri kuliko wote.

#3 MhasibuMstaafu
Mzee, nikutoe wasiwasi: barua itaingia kwenye faili na faili litaingia kabatini. Nimekaa vikao vya jimbo miaka mingi. Mchungaji anahamishwa kwa sababu mke wake ni mwalimu wa serikali na kapangiwa wilaya fulani, au mtoto anahitaji kuwa karibu na hospitali, au kagombana na wazee wa huko alikotoka na askofu anataka kuwatenganisha kabla hawajafika polisi. "Usharika unataka nini" linakuja mwishoni, watu wameshaanza kuangalia saa.

Hata hivyo andikeni. Siku mambo yakiharibika mtakuwa na karatasi.

#4 MamaWaMtaa
Mhazini na lenta yake wasubiri. Mama yangu alipata kiharusi akalala kitandani muda mrefu. Mwinjilisti wa mtaa alikuja kumsomea Neno kila juma, Mungu ambariki. Lakini mwinjilisti hawezi kutoa Chakula cha Bwana, na mama alikuwa anakiomba hicho hicho. Mchungaji, mwenye digrii mbili, alikuja siku moja akasali kwa kusimama, funguo za gari mkononi.

Andika hivi: awe mtu anayekaa kwenye kiti akikaribishwa.

#5 VikariWaZamani
Mnachanganya madawa. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani yetu Walutheri, kifungu cha 5: huduma hii imewekwa ili Injili ihubiriwe na sakramenti zitolewe. Kifungu cha 14: asiyeitwa kwa utaratibu asifundishe hadharani wala asitoe sakramenti. Sijaona lenta. Sijaona mradi wa bajaji wala kumbi za kukodisha. Nilipokuwa vikari, yaani mchungaji mwanafunzi, nusu ya juma ilikuwa vikao vya ujenzi, na mahubiri niliyaandika Jumamosi usiku nikiwa nimechoka. Nimeacha, sasa nafundisha sekondari.

Na huko kuitwa ni kazi ya kanisa kupitia askofu. Luther hakuwaachia washarika jambo hilo, alijua watagombana.

#6 Maktaba
#5 umekwenda vizuri hadi sentensi ya mwisho. Mwaka 1523 watu wa Leisnig, mji mdogo wa Saksonia, walitaka kumweka mchungaji wao wenyewe. Luther akaandika kuwatetea: mkutano wa Wakristo una haki ya kupima mafundisho, kuwaita walimu na kuwaondoa. Aliandika hivyo wazi kabisa.

Sasa kilichofuata. Miaka michache mbele ulifanyika ukaguzi wa sharika za Saksonia. Luther akarudi amefadhaika, na utangulizi wa Katekisimu Ndogo ya 1529 umejaa manung'uniko: watu vijijini hawajui lolote la imani, wachungaji wengi hawana uwezo wa kufundisha. Kwa hiyo wa Leisnig wanaye Luther wao, na wa dayosisi wanaye Luther wao pia.

#7 Tarumbeta
Huo ukaguzi uletwe kwetu. Uanze na wazee wa kanisa, kila mmoja aseme amri ya nane na maana yake bila kuangalia pembeni.

#8 MbongoMinneapolis
Salamu kutoka kwenye baridi. Huku Marekani, kwenye kanisa la Kilutheri la ELCA, usharika ndio unaomwita mchungaji. Akiondoka wa zamani, inaundwa kamati ya wito. Usharika unaandika wasifu wake: idadi, bajeti, unakotaka kwenda, na migogoro pia kama watu ni wakweli. Ofisi ya askofu wa sinodi (ndiyo dayosisi ya huku) inaleta majina, kamati inafanya usaili na kumsikiliza akihubiri, kisha mkutano wa usharika unapiga kura. Lazima apate theluthi mbili.

Kabla hamjaanza kutamani: inaweza kuchukua mwaka na zaidi, na wakati huo mnahudumiwa na mchungaji wa muda. Na kila kamati inamtafuta mtu yule yule, kijana mwenye uzoefu wa mzee, ana watoto wadogo lakini jioni zote yuko huru kwa vikao. Hajazaliwa.

Sinodi ya Saint Paul ina ushirika na Dayosisi ya Iringa, unaitwa Bega kwa Bega. Wanaotoka Iringa wanashangaa mchungaji anasailiwa kama karani. Wanaotoka huku wanashangaa mchungaji mmoja anabeba usharika mzima na mitaa yake yote. Kila upande unarudi nyumbani na kitu cha kusimulia.

#9 MhasibuMstaafu
#8 hapo kwenye wasifu wa usharika ndipo penye maana, na mzee aende hapo. Barua zetu zote zinaeleza mchungaji aweje. Hakuna inayosema sisi tukoje.

Usharika mmoja ninaoujua walimpokea mchungaji mpya kwa tarumbeta, kuku na vitenge. Jumatatu yake asubuhi mtu wa matofali yuko mlangoni na daftari. Deni la kabla yake, wazee wote wanalijua, hakuna aliyefungua mdomo. Nusu mwaka tu washarika wakaanza kusema "tangu huyu aje, pesa haionekani".

Andika deni. Andika mgao wa dayosisi mmeuchelewesha kiasi gani. Andika nani hasemeshani na nani.

#10 WaOldMoshi
Tatizo ni muda. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani, alifika Kilimanjaro mwaka 1902 na, ukitoa miaka aliyokuwa nje, akafanya kazi huko hadi 1938, sehemu kubwa kwetu Old Moshi. Alijifunza Kichagga na akajenga usharika juu ya vitu vilivyokuwepo: ukoo, majirani, rika. Alimjua babu yako na ng'ombe wa babu yako. Leo mchungaji akishajua jina la mzee wa mtaa wa mwisho, barua ya uhamisho imefika. Zamani ilikuwa hivyo hata kwa viongozi wetu, chukua Askofu Kibira, mkuu wa kwanza wa KKKT, watu walimjua na aliwajua.

#11 Mhaya_wa_Mjini
#10 shikamoo, lakini Kibira tuachie sisi. Alikuwa askofu wetu Bukoba. Mkuu wa kwanza wa KKKT yalipoungana makanisa saba Juni 1963 alikuwa Stefano Moshi, tena wa kwenu huko huko. Kibira alichaguliwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri la Dunia mwaka 1977, kwenye mkutano uliofanyika Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza.

Halafu hadithi ya Gutmann mnaikata katikati. Wajerumani walipoondolewa baada ya Vita ya Kwanza, nani alishika sharika? Walimu wa Kiafrika, wengi wao hata hawajabarikiwa kuwa wachungaji. Na kwetu Injili ililetwa na Wahaya walioipata Uganda, wamisionari wa Betheli, shirika la Kijerumani, wakaja kukuta watu wanasali. Kwa hiyo ukiniuliza mchungaji mzuri ni nani, nitakwambia ni yule akiondoka ghafla usharika haulali njaa.

#12 WaOldMoshi
Nimekusikia kaka. Stefano Moshi ni wetu, nimerudishiwa zawadi yangu mwenyewe. Ila la muda sijaachia.

#13 BintiWaMchungaji
Naomba niseme kwa niaba ya watu wasioulizwa kwenye hizi barua.

Nimekulia kwenye nyumba za mchungaji. Bati linavuja, baraza linasema "bajeti ijayo", na bajeti ijayo inanunua kinanda. Mama alitegemewa aongoze Umoja wa Wanawake, apike kwa wageni wa jimbo, asivae kitu kipya maana watasema ni sadaka, asivae cha zamani maana anaaibisha usharika. Mimi nilipopata daraja la tatu kidato cha nne, ilitangazwa kwa maneno ya pole ibada zote mbili. Nilikuwa nimekaa na kwaya.

Baba alihubiri vizuri sana. Nyumbani hakuwa na la kutuambia, alikuwa amelimaliza lote huko.

Sasa mnaandika "awe na familia yenye ushuhuda mzuri". Andikeni na ninyi mtaiweka wapi hiyo familia, na maji yanatoka siku ngapi.

#14 MamaWaMtaa
Binti pole. Hilo la kutangaza matokeo lilinifanya niweke simu chini kwanza.

#15 MotoWaVijana
Mnazunguka sana. Vijana wanaondoka. Mchana wa Jumapili wako kwenu kwa sababu ya mama zao, Ijumaa usiku wako kwenye mkesha wa nabii. Kwa nini? Kule mtu akisema anaumwa anaombewa. Kwetu anaandikiwa kwenye orodha ya matangazo kati ya harusi na mnada. Leteni mchungaji anayeweka mikono juu ya wagonjwa. Mbona Kilutheri kina historia hiyo, kuna yule askofu wa Loliondo mwaka 2010 nchi nzima ilimfuata?

#16 Liturgia_Kwanza
Haya, tumefika kwenye kikombe cha dawa cha Loliondo. Ndugu yangu, usharika ukitafuta mchungaji kwa kigezo cha msongamano wa magari, utampata tu. Halafu siku akikosea mafundisho nani atamzuia, maana mlimchukua kwa sababu ya umati? Mimi nataka anayeheshimu kalenda ya kanisa, anajua Kwaresima ni nini, na ibada haimfii mikononi akiongeza "maono ya leo" katikati ya liturgia.

#17 Maktaba
Masahihisho madogo kwa #15. Hakuwa askofu. Ambilikile Mwasapile, Babu, alikuwa mchungaji mstaafu wa KKKT, kijiji cha Samunge, na ilikuwa 2011. Kikombe shilingi 500.

Kingine, kuombea wagonjwa hakujatoka nje ya Ulutheri wetu. Uamsho wa Afrika Mashariki ulipoingia Bukoba kutokea Rwanda miaka ya mwisho ya 1930, uliwagawa watu vivyo hivyo: wengine waliona moto, wengine waliona fujo. Wachungaji waliofaa wakati ule ni walioweza kukaa na makundi yote mawili kwenye meza moja ya Bwana. Hiyo sifa haimo kwenye orodha ya mtu yeyote humu.

#18 MotoWaVijana
Maktaba kwenye sifa hiyo nakuunga mkono, umeshinda. Ila kwa Liturgia_Kwanza bado nasubiri jibu: mgonjwa wake anaombewa lini?

#19 Liturgia_Kwanza
Kila Jumapili, kwenye sala ya kanisa. Ungekuwa unawahi ungesikia.

#20 Tarumbeta
🔥🔥 Mtu amwite Mkuu wa Jimbo aamue.

#21 Omokisii
Hamjambo majirani. Mimi ni Mlutheri wa Kenya, kanisa la ELCK, huku Gusii. Swali la adabu: kwa hiyo barua, mnaweza kuandikiwa mchungaji mwanamke mkakubali? Kwetu wanawake hawabarikiwi kuwa wachungaji, wako mashemasi wa kike na wanafanya kazi kubwa. Nasikia Tanzania mliruhusu juzi tu, kwenye 2000 hivi.

#22 Mhaya_wa_Mjini
Karibu ndugu. Sio juzi. KKKT iliruhusu mwaka 1990, na dayosisi zikaanza kwa mwendo wake, nyingine haraka nyingine polepole. Sasa hivi vyuo vyetu vinatoa wachungaji wanawake kila mwaka.

Kukubaliwa ni kitu kingine. Ninajua baraza lililosema "hatuna tatizo na mwanamke, ila usharika wetu una vilima".

#23 MamaWaMtaa
Vilima! Kuni za hivyo vilima nani anabeba?

Aliyekaa na mama yangu siku za mwisho alikuwa mchungaji mwanamke, alipokuja kumpokea yule wa funguo. Alivua viatu mlangoni, akampa mama Chakula cha Bwana, akaosha kikombe mwenyewe. Sitaki kubishana kwa vifungu.

#24 VikariWaZamani
Bila vifungu basi, ingawa ninavyo. Naongeza moja tu, 1 Timotheo 3: "mkaribishaji, ajuaye kufundisha". Paulo ameyaweka hayo mawili bega kwa bega. Kwenye orodha ile kuna kutopenda fedha, kuna kutokuwa mgomvi, kuna kwamba asiwe ameongoka karibuni. Kipaji cha kukusanya fedha hakimo. Mhazini wenu asome mwenyewe.

#25 MhasibuMstaafu
Mhazini akisoma hiyo atakwambia pia haimo sura ya nani atalipa umeme. Wewe uliacha uchungaji sababu ya vikao vya ujenzi, sawa. Lakini usharika wenye mchungaji asiyejua kusoma taarifa ya fedha unaendeshwa na mtu mmoja anayejua, na huyo hajabarikiwa wala hahamishwi. Nimeyaona.

Simtaki mchungaji fundi wa kuchangisha. Namtaka anayeweza kuuliza "hii stakabadhi iko wapi?" mbele ya mzee tajiri mwenye kiti chake cha mbele.

#26 MzeeWaBaraza
Asanteni wote. Nimejaribu rasimu, ichaneni:

"Usharika una ibada mbili na mitaa yenye wainjilisti ambao posho yao inachelewa. Una deni kwa wauzaji wa vifaa vya ujenzi, orodha imeambatishwa. Nyumba ya mchungaji inahitaji bati upande wa jikoni. Baraza limeazimia kuitengeneza kabla hajafika. Kuna mvutano kati ya kwaya kuu na vijana kuhusu ibada ya pili, na kati ya wazee wawili kuhusu kiwanja. Tunaomba mtumishi anayehubiri kwa kujiandaa, anayewafikia wagonjwa na Chakula cha Bwana nyumbani, anayeweza kusimama kati ya watu wasioelewana bila kuchukua upande, awe mwanamume au mwanamke. Tunaomba akae."

#27 Liturgia_Kwanza
Katekisimu iko wapi? Watoto wa kipaimara wanafundishwa na nani? Nyie mkishapata mtu wa kusuluhisha kwaya mmeridhika?

#28 BintiWaMchungaji
"Kabla hajafika." Nitaamini nikiona bati. Lakini asante.

#29 MbongoMinneapolis
Nzuri kuliko nyingi za huku. Ila hapo "wazee wawili kuhusu kiwanja", baraza zima litasaini? Na hao wawili wamo kwenye baraza?

#30 MzeeWaBaraza
Mmoja ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Mwingine ni mimi.

#31 Tarumbeta
😂😂😂 Nilijua. Tangu mwanzo nilisema nakaa paleee.

#32 MhasibuMstaafu
Basi sentensi hiyo haitatoka kikaoni ikiwa hai. Andikeni "masuala ya ardhi". Mkuu wa Jimbo ataelewa, ndiyo lugha yao.

#33 Mhaya_wa_Mjini
Napinga. Ukiificha kwenye "masuala ya ardhi" umemfanyia mchungaji mpya kile kile cha matofali ya #9. Mzee, nenda kwa huyo mwenzako kwanza, barua baadaye. Tena nenda bila nakala za hati.

#34 WaOldMoshi
Au mngoje mchungaji mpya awapatanishe, ndiyo kazi yake.

#35 Mhaya_wa_Mjini
Ndivyo mnavyowamaliza. Anafika, wiki ya kwanza anakalishwa katikati ya kesi ya mipaka, akisema neno moja tayari ana upande.

#36 MotoWaVijana
Swali nje ya mada. Hivi kwenye mnada wa baada ya ibada, mchungaji anaruhusiwa kununua? Wetu alipandia jogoo wa sadaka dhidi ya mzee wa kanisa mpaka elfu sabini, watu wakanuna.

#37 MamaWaMtaa
Alinunua akampelekea nani? Wa kwetu, yule mama aliyevua viatu, alikuwa ananunua mayai anawapelekea wagonjwa.

#38 MotoWaVijana
Alimla.

#39 Liturgia_Kwanza
Elfu sabini jogoo mmoja? Usharika huo hauna haja ya mradi, ongezeni jogoo.

#40 Omokisii
Huku kwetu kuna matunda na mahindi, jogoo ni Sikukuu ya Mavuno tu. Lakini mnada nimeupenda, nitapeleka wazo kwa wazee.

#41 Tofali_Bora
Nimeusoma uzi wote kimya kimya. #9 MhasibuMstaafu, huyo mtu wa matofali aliyekuwa mlangoni na daftari, kama ni usharika ninaoufikiria, ni mimi. Na bado hawajamaliza. Nitumie ujumbe pembeni.